Trela likianza kutikisa mkia: Jinsi ya kukokota mzigo kwenye barabara kuu na ufike salama

Simama pale Waiyaki Way Ijumaa jioni uhesabu pikapu na magari madogo yanayokokota kitu nyuma. Trela la chipsi na smokies. Trela la spika za DJ na jenereta yake. Trela la mahema, la pikipiki, hata la boti ya kuteremshwa Ziwa Naivasha. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, barabara ya kwenda Naivasha imekuwa ya vijana wenye mzigo na mipango. Watu wakikusanyika mahali, lazima wale, wanywe, wacheze muziki na walale. Hiyo ni pesa, na pesa hiyo inasafiri kwa magurudumu mawili nyuma ya gari.

Kule Uingereza wao hukokota karavani, yaani nyumba ndogo ya likizo yenye kitanda na jiko. Sisi hapa karavani za aina hiyo ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini trela la chakula, lile refu, lenye paa na kuta za mabati, ni binamu yake kabisa. Upepo hulisukuma vivyo hivyo, huyumba vivyo hivyo, na likikosea huua vivyo hivyo.

Kwa hivyo tuongee. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, usidhani nakuletea mhadhara. Hii ni fizikia ambayo mtu wa mkokoteni kule Gikomba anaijua kwa mikono yake bila kuandikiwa ubaoni. Na ni muhimu uijue wewe pia, kwa sababu trela lako huenda limenunuliwa kwa mkopo wa Sacco au michango ya chama, kwenye viti vya gari umebeba marafiki zako, na upande wa pili wa barabara kuna matatu yenye watu 14 ambao hawajui chochote kuhusu hasla yako.

Kwa nini trela hucheza

Ukiwa mtaani kwa kilomita 40 kwa saa, kukokota trela ni rahisi. Kila mtu anaweza. Unakata kona kwa upana zaidi, unapita bampu pole pole, basi. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu tabia ya trela kwa kilomita 40 haikuambii chochote kuhusu tabia yake kwa kilomita 95.

Trela limeshikwa na gari mahali pamoja tu, pale kwenye mpira wa chuma ulio kwenye kulabu. Upande mwingine wote uko huru kwenda kushoto na kulia. Likisukumwa kidogo na upepo, shimo, au basi linalokupita, litaenda upande mmoja, matairi yake yalirudishe katikati, lipitilize, lirudi tena. Kwa mwendo wa chini, kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia, na baada ya sekunde chache limetulia. Hata hukugundua.

Kadiri mwendo unavyopanda, ule utulivu hupungua. Kila trela, pamoja na gari linalolivuta na jinsi lilivyopakiwa, lina mwendo wake wa kikomo. Chini ya hapo, mtikisiko hufa wenyewe. Juu ya hapo, kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Likienda kushoto futi moja, linarudi kulia futi moja na nusu, kisha futi mbili, na sasa ni trela linaloendesha gari, si gari linaloendesha trela. Yote hayo kwa sekunde chache.

Ubaya ni kwamba kikomo hicho hakijaandikwa popote. Trela lililopakiwa vizuri linaweza kuwa na kikomo cha juu kuliko mwendo wowote utakaokwenda. Lilelile, likipakiwa vibaya, linaweza kuanza kucheza kwa kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana mtu atakuambia, "Mimi nimevuta hii kitu mpaka Kisumu mara tano na haijawahi kunisumbua." Ni kweli. Ila safari ya sita jenereta iliwekwa mahali pengine.

Somo kutoka kwa mkokoteni

Mwangalie mtu wa mkokoteni akipakia viazi sokoni. Hatupi magunia ovyo. Akiweka mengi nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inapanda juu na yeye ananing'inia. Akiweka mengi mbele, anabeba uzito wote kwa mabega. Kwa hivyo anapanga mpaka mikono inamlemea kidogo tu. Kidogo, lakini ni lazima imlemee.

Trela lako linahitaji kitu hicho hicho. Shingo ya trela, pale linapokaa kwenye kulabu ya gari, lazima ibonyeze chini kwa uzito fulani. Ulaya, kwa matrela madogo na karavani, watu hulenga asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela likiwa limepakiwa. Marekani, ambako huvutwa matrela mazito kwa pikapu kubwa, hulengwa asilimia 10 hadi 15. Hesabu zinatofautiana, lakini wote wanakubaliana kwa hili: shingo ikiwa nyepesi sana, au mbaya zaidi ikiwa inainua gari juu, trela litacheza.

Tuseme trela lako likiwa na kila kitu ndani lina kilo 800. Asilimia 5 ni kilo 40, asilimia 7 ni kilo 56. Hicho ndicho kiasi kinachopaswa kukaa kwenye kulabu ukitumia kipimo cha Ulaya. Ila kulabu na gari lako pia vina kikomo chao cha uzito unaoweza kuvikalia, na kwa magari madogo mara nyingi ni chini ya kilo 100. Kikomo hicho kiko kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati cha kulabu. Usikipite. Shingo nzito kupita kiasi huinamisha nyuma ya gari, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani unapoteza nguvu.

Unapimaje? Huhitaji mashine. Chukua ile mizani ya kupimia watu nyumbani. Egesha trela mahali tambarare likiwa limepakiwa kama utakavyosafiri. Weka kipande cha ubao mgumu juu ya mizani, kisha shusha shingo ya trela ikae juu ya ubao huo, kwa urefu uleule wa kulabu ya gari. Soma namba. Umemaliza.

Rafiki yangu mmoja ana trela la kuuza vyakula. Alikuwa akilalamika kwamba barabara ya Nakuru ina upepo mwingi sana, anashika usukani kwa mikono miwili mpaka mabega yanauma. Tukapima. Trela la kilo 800, shingo ilikuwa na kilo 22 tu, chini ya asilimia 3. Shida ilikuwa jenereta ya kilo 60 iliyokuwa imefungwa nyuma kabisa, mita moja na nusu nyuma ya ekseli, kwa sababu hapo ndipo ilikuwa rahisi kuiwasha. Kutoka ekseli hadi kulabu ni mita 3. Tukaihamisha jenereta hadi sentimita 20 mbele ya ekseli. Zidisha kilo 60 kwa mita 1.7 ilizosogea, ugawanye kwa 3, unapata kilo 34. Tukapima tena: kilo 56. Asilimia 7 kamili. Hakununua kitu, hakulipa fundi. Alihamisha jenereta, na ule upepo wa Nakuru ukapungua ghafla.

Usitengeneze mzegazega

Sasa kuna mjanja atasema, "Sawa, nitaacha jenereta nyuma, halafu niweke mitungi miwili ya gesi mbele kabisa kwenye shingo ili kusawazisha." Mizani itakubali. Itasoma kilo 50 na wewe utafurahi. Lakini bado umejiwekea mtego.

Fikiria mzegazega, ule mti wa begani wenye ndoo mbili za maji, moja kila ncha. Jaribu kugeuka haraka ukiwa nao. Ukianza kuzunguka, ndoo hazitaki kusimama. Sasa sogeza ndoo zote mbili karibu na bega lako. Uzito ni uleule, lakini unageuka na kusimama bila shida.

Trela ni hivyo hivyo. Mzigo ulio mbali na ekseli, uwe mbele au nyuma, hulipa trela nguvu ya kuendelea kuzunguka likishaanza. Na nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa umbali. Ukisogeza kitu kutoka nusu mita hadi mita moja na nusu kutoka kwa ekseli, umbali umezidi mara 3, lakini ukaidi wake umezidi mara 9. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ambao wamechunguza sana jinsi karavani zinavyoyumba, husisitiza mambo hayo mawili: uzito wa shingo, na jinsi mzigo ulivyosambazwa ndani.

Kwa hivyo kanuni ni hii. Vitu vizito, kama jenereta, friza, betri, kreti za soda, viwe chini sakafuni na karibu na ekseli. Vitu vya wastani vifuate mbele kidogo. Vitu vyepesi, kama sahani za karatasi, viti vya plastiki na mahema, ndivyo viende kwenye ncha na kwenye rafu za juu. Kisha funga kila kitu kwa mikanda. Mzigo uliopangwa vizuri halafu ukateleza kwenye bampu ya kwanza ni kazi bure.

Maji nayo yana fujo yake. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, hilo unajua. Lakini tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa au lisilo na kitu, kwa sababu maji yanatembea ndani na kuongezea trela mtikisiko. Kama kuna maji unakokwenda, safiri ukiwa na tangi tupu.

Gari lako lina ubavu huo?

Mkia haupaswi kuwa mzito kuliko mbwa. Uingereza, vyama vya watu wa karavani huwashauri wanaoanza wasivute trela linalozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Ukiwa na gari la kilo 1,100, hiyo ni kilo 935, na hapo tunahesabu trela na kila kilicho ndani, mpaka unga wa chapati. Kadiri gari lilivyo zito kuliko trela, ndivyo linavyoweza kulituliza likianza ujinga.

Lakini asilimia 85 ni ushauri, si ruhusa. Mtengenezaji wa gari ndiye mwenye neno la mwisho. Kuna magari yasiyoruhusiwa kuvuta kitu chochote, na mengine yana kikomo kidogo kuliko unavyodhani, hasa likiwa trela halina breki zake. Fungua kitabu cha gari kabla ya kumwita fundi akuchomelee kulabu.

Na tukiongea kuhusu kuchomelea: mafundi wetu wa jua kali ni hodari, na matrela mengi mazuri unayoyaona mjini yametoka mikononi mwao. Lakini muulize maswali. Ekseli ataiweka wapi? Akiiweka katikati kabisa ya sanduku ili "lisawazike", shingo itakosa uzito. Ekseli hukaa nyuma kidogo ya katikati. Shingo ina urefu gani? Shingo ndefu hulituliza trela, fupi hulifanya liwe na kiherehere. Na kulabu ya gari ifungwe kwenye chesi au sehemu imara za bodi kwa boliti zinazofaa, si kwenye bampa.

Mwisho, likishaunganishwa, lisimame tambarare, au liiname mbele kidogo tu. Trela lililoinua pua juu ni trela linalotafuta vita.

Matairi: pale ambapo watu huchuna bahili

Kuna tabia ya kuvalisha trela matairi yaliyokwisha kwenye gari. "Si ni trela tu." Hapana. Matairi hayo mawili ndiyo pekee yanayolirudisha trela katikati likisukumwa pembeni.

Angalia mambo matatu. Kwanza, upepo. Tairi lenye upepo kidogo hulegea ubavuni, na ubavu ukilegea, trela linapata nafasi ya kucheza. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi.

Pili, uwezo wa kubeba. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba na herufi, mfano 82T. Hiyo 82 maana yake tairi hilo linabeba hadi kilo 475. Matairi mawili, kilo 950. Trela la kilo 800 liko salama hapo, lakini ukiongeza friza na kreti 10 umeshafika ukutani.

Tatu, umri. Tafuta namba nne zilizoandikwa mwisho wa msimbo unaoanza na DOT. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Trela huegeshwa juani wiki nyingi, kwa hivyo tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa. Ujerumani, ukitaka ruhusa ya kuvuta trela kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 80, matairi ya trela lako lazima yawe chini ya miaka 6. Wameona kitu.

Sasa mwendo

Nitasema wazi: ukiwa na trela, kilomita 80 kwa saa inatosha. Ndiyo kasi ambayo matatu zetu zimefungiwa vidhibiti mwendo zisiipite. Ujerumani ndiyo kasi ya kawaida ya gari linalokokota trela. Uingereza, kwenye barabara ya njia moja kila upande, mwisho ni maili 50 kwa saa, ambayo ni kilomita 80 hizo hizo. Hawa ni watu wenye barabara laini kama meza ya kioo. Sisi tuna kingo za lami zilizobomoka na bampu zisizo na rangi.

Hesabu yenyewe ni hii. Nguvu iliyo ndani ya kitu kinachotembea hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 umeongeza mwendo kwa robo, lakini nguvu ambayo breki zako zinapaswa kuimeza imepanda kwa asilimia 56. Na sasa una kilo 800 zaidi nyuma zinazokusukuma. Nairobi hadi Naivasha, tofauti ya 80 na 100 ni dakika chache ambazo utazimaliza ukitafuta mahali pa kuegesha.

Acha pia nafasi. Kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Jipe angalau sekunde 4 nyuma ya gari lililo mbele, karibu mita 90. Ndiyo, matatu itaingia hapo katikati. Iache iingie, rudi nyuma tena. Hushindani na mtu.

Kulipita lori

Hapa ndipo wengi hujimaliza. Uko kilomita 80, mbele kuna lori linalokwenda 60. Unaona linakuchelewesha. Kabla hujatoa indiketa, hebu tupige hesabu.

Unaanza mita 20 nyuma yake. Lori lina mita 17. Gari lako pamoja na trela, mita 10. Unataka kurudi kwenye njia yako ukiwa mita 25 mbele yake. Jumla ni mita 72, na unalizidi lori kwa kilomita 20 kwa saa tu, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 13 upande usio wako. Kwa sekunde 13 utakuwa umesafiri karibu mita 290. Gari linalokuja mbele kwa kilomita 100 litakuwa limekula mita 360. Unahitaji mita 650 za barabara isiyo na kitu, isiyo na kona, isiyo na kilima. Ukizipata, sawa. Usipozipata, kaa nyuma ya lori, weka muziki, maisha yaendelee.

Na hata wewe usipopita, utapitwa. Basi kubwa likikupita, hewa linayoisukuma mbele yake kwanza hulisukuma trela lako pembeni, kisha linapoendelea mbele unahisi unavutwa kuelekea upande wake. Ukiliona kwenye kioo, shika usukani kwa mikono miwili, sogea kushoto kidogo ndani ya njia yako, usiongeze mafuta. Litapita. Kosa ni kushtuka na kukata usukani. Jihadhari pia unapotoka mahali palipokingwa na miti au kingo za udongo na kuingia mahali wazi, kwa sababu upepo wa pembeni hukupata ghafla.

Mteremko hauna huruma

Kutoka Nairobi kwenda Naivasha, upite juu kupitia Soko Mjinga na Kinungi au chini kupitia Mai Mahiu, lazima uteremke kuingia Bonde la Ufa. Mteremko ndio mahali pabaya zaidi kwa trela kucheza. Kwenye tambarare, gari linalivuta trela, na kuvutwa hulinyoosha. Kwenye mteremko, trela linalisukuma gari, na kitu kinachosukuma kutoka nyuma hutafuta njia ya pembeni. Wakati huohuo mwendo unapanda wenyewe.

Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Weka gia ya chini ukiwa bado juu. Gari la otomatiki nalo lina gia za chini, L, 2, au alama ya kutoa, na zimewekwa kwa kazi hiyo. Acha injini ikushike. Kanyaga breki kwa vipindi, kanyaga, achilia, kwa sababu ukiegemea breki muda wote zitapata moto na kuanza kukosa nguvu. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame, zipoe. Na usiteremke kwa gia huru ati unaokoa mafuta. Mafuta ni bei, lakini si bei hiyo.

Likianza kucheza

Soma sehemu hii mara mbili, kwa sababu wakati wake ukifika hutakuwa na muda wa kusoma.

Trela likianza kutikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta. Pole pole. Shika usukani ukiwa umenyooka, kwa nguvu ya kawaida, usijaribu kulifuata trela kushoto na kulia. Mkono wa binadamu huchelewa kidogo, na ukichelewa unalisukuma trela upande uleule linakokwenda badala ya kulizuia. Usikanyage breki za gari kwa ghafla, kwa sababu trela linaweza kukunjika na kukuzungusha. Ikiwa trela lina breki za umeme zenye kitufe chake ndani ya gari, bonyeza hicho peke yake. La sivyo, acha mwendo ushuke mpaka litulie.

Kuna watu watakuambia uongeze mafuta ili ulinyooshe. Usithubutu. Tatizo ni kwamba umevuka mwendo wa kikomo. Ukiongeza mwendo, unalisogelea shimo unalolikimbia. Na kwenye mteremko huna hata mahali pa kwenda.

Likishatulia, usiseme "asante Mungu" na kuendelea. Washa taa za dharura, tafuta mahali pana, simama. Kuna kitu kimekosewa: mzigo, upepo wa matairi, au mwendo. Panga upya, kisha endelea chini ya ule mwendo lilipoanzia.

Dakika 15 kabla ya kuondoka

Fanya haya kila safari, hata kama ulisafiri jana.

Hakikisha shingo imejifunga kwenye mpira wa chuma. Inua shingo kwa jeki yake: ikiwa nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, imeshika. Minyororo ya usalama ipite chini ya shingo ikiwa imepishana kama X, ili kulabu ikiachia, shingo idondokee juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Minyororo isiburute chini.

Mwambie mtu asimame nyuma ukiwasha taa, breki na indiketa za pande zote mbili. Gari lililo nyuma yako halioni taa za gari lako, linaona za trela tu. Angalia kwamba vioo vyako vinaona pande zote mbili mpaka mwisho wa trela. Kama havioni, ongeza vioo vya kushika pembeni.

Kaza nati za magurudumu. Pima upepo. Funga milango na madirisha yote ya trela. Zima gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu, na mtungi usimame wima ukiwa umefungwa. Na mtu asipande kwenye trela, hata kama ni kilomita moja, hata kama ni yule jamaa wa kushikilia spika.

Karatasi nazo. Trela husajiliwa kivyake kwa NTSA na lina namba yake inayoanza na Z. Piga simu kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari uulize waziwazi: je, bima hii inafanya kazi nikiwa nakokota trela? Uliza pia kama daraja la leseni yako linaruhusu uzito huo. Jibu la maneno halitoshi, omba liandikwe.

Ukishatembea kilomita 20 au 30, simama mara ya kwanza. Gusa katikati ya kila gurudumu la trela kwa uangalifu. Joto kidogo ni kawaida. Moja likiwa la moto kuliko lingine, beringi au breki ina shida, na huko mbele itakusimamisha yenyewe mahali ambapo hukuchagua. Kaza mikanda tena, angalia kulabu, endelea.

Hiyo yote ni dakika 15 nyumbani na dakika 5 barabarani. Mizani ya bafuni unaweza hata kuazima kwa jirani. Weekendi hii ukiwa na kazi Naivasha, Nanyuki au Diani, pima shingo kwanza, halafu ndio uposti kwamba unakuja.